Kibofu Kisichotulia: Hukumu ya Twahara na Tiba ya Kusisimua Ubongo

 

Mzee mmoja wa Bungu, wilayani Korogwe, aliacha kuhudhuria swala ya Alfajiri msikitini. Haja ndogo humbana ghafla, na mara nyingine humtoka kabla hajafika chooni. Aliuliza mambo mawili: je, swala yake inasihi? Na je, auze shamba ili atafute tiba ya kusisimua ubongo aliyosimuliwa na mwanawe?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kibofu kikijaa hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu. Mwaka 1925 mtafiti Barrington, akichunguza paka, alionyesha kuwa katika shina la ubongo kuna kituo cha kuamrisha kukojoa. Sehemu ya mbele ya ubongo hukizuia mpaka mtu apate nafasi. Zuio hilo likidhoofika, kwa mfano baada ya kiharusi, kibofu hujikaza kabla ya wakati. Lakini kichocho, kisukari na tezi dume nazo huleta dalili zinazofanana, basi vipimo vitangulie.

Ama hukumu, katika madhehebu ya Imam Shafi'i kuna hali tatu:

1. Aliyebanwa bila ya kutokwa na kitu, udhu wake upo. Ni makuruhu kuswali hali amebanwa. Aende haja kwanza.

2. Anayetokwa mara moja moja, naye hupata nafasi ya kutosha kujitwaharisha na kuswali, huyo si mwenye udhuru wa kudumu. Akitokwa, udhu umetenguka. Ajisafishe na kutawadha upya.

3. Asiyepata nafasi hiyo ana salasul-bauli. Hukumu yake ni kama ya mwanamke mwenye istihadha, ambayo asili yake ni hadithi ya Fatma binti Abi Hubaysh (R.A.). Wakati ukiingia, ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe na aswali bila ya kuchelewa. Kila faradhi ina udhu wake. Kitakachomtoka baada ya hapo kimesamehewa.

Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kusihi swala ya mzima nyuma ya imamu mwenye salasi.

Ama tiba, mwaka 1985 Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, walionyesha njia ya kusisimua ubongo kwa sumaku juu ya kichwa, bila ya upasuaji. Ipo pia njia ya umeme hafifu. Marekani iliidhinisha tiba ya sumaku kwa ugonjwa wa sonona mwaka 2008. Kwa kibofu, ingali katika utafiti. Tiba zilizozoeleka ni kukizoesha kibofu, mazoezi ya misuli ya nyonga, dawa, na kusisimua mshipa wa fahamu karibu na kifundo cha mguu. Mwenye kifafa au chuma kichwani amweleze daktari mapema.

Kisheria, asili ya tiba hii ni halali, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Sharti ni daktari mwaminifu na madhara yasizidi manufaa. Wala haifunguzi saumu, kwa kuwa hakuna kinachoingia ndani kupitia tundu lililo wazi.

Basi mzee wetu asiuze shamba. Aanze na vipimo vya hospitali. Nanyi maimamu, wafundisheni watu hukumu hizi waziwazi, kwani aibu imewatoa wengi katika jamaa ilhali sheria haikuwatoa.

Wallahu a'lam.