Pemba Ziko Nyingi, na Kila Mpemba Ana Kwao

Neno lenye herufi tano na silabi mbili tu limewapa kazi kubwa makarani wa posta, mabaharia, watangazaji wa redio na maofisa wa uhamiaji. Neno lenyewe ni Pemba. Kwa msomaji wetu wa Wete, Chake Chake au Mkoani hakuna utata wowote: Pemba ni moja, nayo ni kisiwa chake cha mikarafuu, ambacho kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022 kina watu zaidi ya 540,000. Kwa mkaazi wa Tanga vile vile Pemba ni moja, kwani imemwelekea uso kwa uso ng'ambo ya mkondo, mwendo wa kilomita hamsini au zaidi kidogo, na tangu zamani samaki, karafuu, wachumba na habari vimevuka maji hayo kwenda na kurudi.

Hata hivyo, anayeifunua ramani ya dunia hana budi kustaajabu. Kusini yetu, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, uko mji mkuu wa jimbo unaoitwa Pemba, juu ya ghuba pana yenye jina hilo hilo. Wakoloni wa Kireno waliuita mji huo Porto Amélia kwa heshima ya malkia wao, na ulirudishiwa jina la Pemba baada ya uhuru wa Msumbiji wa tarehe 25 Juni 1975. Wenyeji wa pwani ile husema Kimwani, lugha ambayo Mswahili akiisikiliza kwa utulivu hukamata maneno mengi bila mkalimani. Ukoloni, hata hivyo, hung'ang'ania mahali pasipotazamiwa: katika orodha za mashirika ya ndege kiwanja cha Pemba ya Msumbiji bado huandikwa POL, herufi zinazokumbusha Porto Amélia kuliko Pemba, hali kiwanja cha kisiwani kwetu huandikwa PMA. Mwenye kutuma mzigo asome herufi hizo mara mbili.

Wala si mzigo tu. Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, na mwaka 2020 maelfu ya watu waliokimbia mapigano ya jimbo hilo, yaliyoanza Oktoba 2017, walishuka kutoka majahazini kwenye ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba. Mtu mwenye ndugu Micheweni akisikia redioni kwamba Pemba imepigwa na kimbunga, au kwamba wakimbizi wamejaa ufukoni Pemba, na mtangazaji asiongeze neno Msumbiji, ana haki ya kupatwa na mshituko. Mtangazaji angepoteza nusu dakika tu kueleza.

Iko Pemba nyingine nchini Zambia, mji mdogo wa reli na barabara kati ya Choma na Monze, mbali kabisa na bahari. Katika ufalme wa zamani wa Kongo, upande wa Bahari ya Atlantiki, mkoa mmojawapo uliitwa Mpemba. Na katika lugha ya Wakongo neno hilo ni udongo mweupe, tena ni makao ya wafu, kwa kuwa weupe kwao ni rangi ya waliotangulia. Watumwa waliosafirishwa kutoka pwani ile waliubeba udongo huo katika fikira zao hadi Brazili, na mpaka leo wafuasi wa dini ya Umbanda huiita chaki wanayochorea alama zao takatifu pemba. Huko Mali, katika masimulizi ya Wabambara juu ya kuumbwa kwa ulimwengu, Pemba ni mmoja wa wale waliokuwako mwanzo.

La ajabu zaidi kwangu ni lile la milima ya Himalaya. Miongoni mwa Washerpa wa Nepali, Pemba ni jina la mtoto aliyezaliwa Jumamosi. Pemba Doma Sherpa alikuwa mwanamke wa kwanza wa Nepali kukifikia kilele cha Everest kwa upande wa kaskazini, naye alifariki mlimani Lhotse mwaka 2007. Pemba Gyalje Sherpa alisifiwa ulimwenguni kwa kuwaokoa wenzake katika msiba wa mlima K2 mwaka 2008. Sisi tulio na akina Juma na Khamisi katika kila mtaa hatuhitaji kuelezwa desturi ya kumpa mtoto jina la siku. Lakini hakuna mwenye akili atakayesema kwamba Pemba Doma alikuwa na shamba la karafuu Ziwani.

Waliosoma chuoni wanajua pia kwamba hati ya Kiarabu haina herufi ya sauti ya P. Mwandishi mwangalifu wa Kiswahili aliongeza nukta, zikawa tatu chini ya herufi. Mvivu aliandika ba na kuendelea na safari yake, na msomaji asiyejua habari angeweza kusoma Bemba, akahamishiwa kwa Wabemba wa Zambia kwa kosa la nukta mbili. Huenda ndiyo sababu mojawapo ya Waarabu kupendelea kukiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani.

Wako wanaokifungamanisha kisiwa na kitenzi kupemba, yaani kuangua tunda kwa upembo, ule mti wenye ncha ya kupinda. Wengine hulivuta jina hadi kwenye pembe. Mimi siwafuati wote wawili. Kufanana kwa sauti si nasaba. Lugha zina sauti chache na dunia ina vitu vingi, kwa hiyo hapana budi majina yagongane.

Mfano ulio karibu zaidi umo ndani ya mkoa wetu wa Tanga, juu Lushoto. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Nafasi ilikuwa haba, naye akahofia kuikosa. Akayatia ya kwake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa baridi. Alipouliza sababu aliambiwa kuwa amechanganyikiwa, na kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wauza aiskrimu wa mjini Tanga, ambao hawakuwa na maabara wala stashahada, walimthibitishia kwamba wao hufanya vivyo hivyo ili kuokoa muda. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka, lakini profesa alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala kwa pamoja. Wataalamu wanaendelea kubishana, na mwaka 2016 wengine walipima upya wakasema hawakuyaona hayo; lakini jambo lenyewe huitwa Athari ya Mpemba katika vitabu vya dunia nzima. Msomaji wa Kiswahili asiyejua habari hudhani ni athari iliyogunduliwa na mtu wa kisiwani, kumbe Mpemba hapa ni jina la ukoo tu, na liko pia kama jina la mahali karibu na Tunduma, mpakani kabisa mwa Zambia.

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya barazani, ya kunywea kahawa, kama jina lisingetumika kuamua haki za watu. Hapa ndipo nawaomba viongozi wetu wasikilize kwa makini.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka mdomo wa mto Umba kuelekea bara. Mwaka 1890 wakakubaliana kwamba Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza, na pwani ya Tanga ikabaki kwa Wajerumani. Mvuvi wa Kojani hakuulizwa. Yeye alifuata upepo na samaki: alikwenda dago, akapiga kambi ufukoni miezi kadhaa, akarejea kwao pepo zilipogeuka. Chombo kimoja kilitia nanga Moa, upande huu wa mstari. Kingine, chenye jamaa wa wale wale, kilitia nanga Vanga au Shimoni, upande wa pili. Wengine wakaoa huko huko, wakajenga, wakazaa.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia Tanganyika nayo iliangukia mikononi mwa Waingereza, na kwa miongo mingi mstari ule haukuwa na makali. Tena ule ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kisheria kuwa ni milki ya Sultani wa Zanzibar, hivi kwamba Mpemba aliyeishi Shimoni alikuwa katika nchi ya Sultani yule yule aliyemwacha nyumbani. Hali hiyo ilikomeshwa kwa makubaliano ya Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte. Shamte mwenyewe alikuwa mtu wa Pemba, na chama alichokiongoza kilibeba jina la kisiwa chake: Zanzibar na Pemba. Miezi michache baadaye yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 26 Aprili mwaka huo Muungano.

Tangu siku hiyo watoto wa zile nanga mbili wakaachana njia. Yule wa Moa akawa raia wa Jamhuri ya Muungano, mwenye haki sawa na Mdigo na Msambaa. Yule wa Vanga, ambaye pengine babu yake alifika huko katika miaka ya 1930, akajikuta si wa huku wala si wa kule. Hakuwa na kitambulisho. Na pasipo kitambulisho hapakuwa na akaunti ya benki, wala leseni ya uvuvi, wala laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, na mtoto alipofikia mitihani mlango ulifungwa. Hoja iliyotolewa dhidi yake ilikuwa jina. Akisema yeye ni Mpemba, aliambiwa aende Pemba. Hali hiyo ilidumu karibu miaka sitini, mpaka Serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba rasmi mwaka 2023 kuwa ni mojawapo ya jamii za nchi hiyo, kama ilivyowatambua Wamakonde kabla yao, na Rais William Ruto akawakabidhi hati zao mwezi wa Julai.

Jambo moja lilizidisha mkanganyiko. Baada ya machafuko ya kisiasa ya Januari 2001 watu zaidi ya 2,000 walivuka kutoka kisiwani kwenda Shimoni. Hao walikuwa wakimbizi, na wengi wao walirejea. Wenyeji wa Shimoni wenye asili ya Pemba walikuwako pale vizazi kabla ya hapo. Makundi mawili, safari mbili, sababu mbili. Lakini jina moja, na kwa hiyo machoni mwa karani mvivu kosa moja.

Je, upande wetu tumesalimika? Kisheria, ndiyo. Kwa mazoea, si sana. Jijini Dar es Salaam "kwa Mpemba" limekuwa jina la duka la mtaani, hata kama muuzaji ni mtu wa Makunduchi. Katika fukwe zetu za Tanga, Sahare na Kigombe kwa mfano, neno hilo aghalabu hutamkwa kana kwamba ni hati ya kusafiria ya nchi nyingine. Ni kweli kwamba uvuvi wa karibu na pwani si jambo la Muungano, na leseni ya Wete haimtoshi mvuvi anayetega jarife Moa. Alipe na afuate kanuni za Bara kama wengine. Lakini leseni ni jambo moja na uraia ni jambo jingine, na bwana samaki hana mamlaka ya kuvichanganya.

Tena wasomaji wetu wa visiwani watanithibitishia kwamba huko kwao hakuna ajiitaye Mpemba asubuhi mpaka jioni. Mtu ni wa Kojani, wa Msuka, wa Fundo, wa Makoongwe. Upemba huvaliwa mkondoni, katikati ya safari, na aghalabu huvishwa na mwingine.

Kwa hiyo nawapendekezea maofisa wetu wa mialo jambo dogo lisilohitaji bajeti. Katika daftari la wageni wa dago lisiandikwe "Mpemba" peke yake. Liandikwe jina la mvuvi, shehia yake, jina la chombo na la nahodha, idadi ya mabaharia, na siku wanayotazamia kurudi. Mkondo wa Pemba una maji makuu na upepo hauna muhali. Chombo kikichelewa, daftari lenye neno "Mpemba" mara ishirini halimwambii mtu yeyote ni mlango gani wa Kojani unaostahili kubishwa.