Mikunde na miradi ya serikali: kweli au uongo?

Lubumbashi, bei ya unga ikipanda kila ofisi inazungumzia mahindi. Maharagwe, karanga na soya vinasubiri nyuma, na huko nyuma ndiko dhana potofu zinakoota.

Serikali ikihimiza kilimo, ujuzi wa mikunde nao unapanda.
Uongo. Enzi za gavana wa Katanga, Moïse Katumbi, kampuni za madini ziliagizwa kulima hekta 500 kila moja, na shabaha ilikuwa mahindi ya bukari. Agizo la namna hiyo linahesabu hekta. Halimfundishi mama wa Kipushi kupambana na ugonjwa wa majani ya maharagwe.

Agronomu asipofika, mkulima hajui kitu.
Uongo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Rwanda waliwaita wanawake wakulima kituoni wachague wenyewe aina za maharagwe. Walizochagua zilifanya vizuri zaidi mashambani mwao kuliko nyingi zilizopendekezwa na wataalamu. Mama anajua kivuli cha mgomba, udongo uliochoka na maharagwe yanayowahi kuiva sufuriani.

Somo la Kivu linafaa Katanga.
Uongo, na lina hasara. Kivu maharagwe hupandwa misimu miwili kwa mwaka. Haut-Katanga msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na wengi huchelewesha kupanda makusudi ili maganda yakauke mvua ikikatika. Kalenda ya Bukavu ikiletwa Kasenga bila kupimwa, mavuno yanaweza kuoza shambani.

Mbegu mpya lazima kila msimu.
Nusu kweli. Mahindi chotara yakirudiwa hupoteza nguvu, lakini harage hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mbegu yake hubaki na tabia ileile. Hatari ni magonjwa yanayosafiri ndani ya mbegu. Weka alama kwenye mimea yenye afya ingali shambani, uvune hiyo peke yake. Programu inayogawa mbegu bure bila kufundisha hatua hii humzoesha mkulima kungoja lori.

Mikunde hujilisha, haihitaji kitu.
Nusu kweli. Bakteria wa mizizini huvuta naitrojeni kutoka hewani, ila fosforasi haitoki hewani. Soya nayo, ikipandwa mahali ambapo haijawahi kulimwa, mara nyingi huhitaji kupakwa bakteria wake kwenye mbegu. Ng'oa mche, pasua kinundu cha mzizini: kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea, kikiwa cheupe au kijani, haifanyiki. Hapa mtaalamu anastahili posho yake, kwa sababu bakteria haonekani kwa macho, hata ya mkulima mzoefu.

Mradi ukifika kwenu, ulizeni jambo moja kabla ya kupokea magunia: ukiondoka, tutakuwa tumejua kufanya nini peke yetu?