Ngumi nzito ni ya nani? Ubishi kutoka Jinja hadi Mbale

Na Mwandishi Wetu, MBALE

Anayesafiri na mzigo kutoka Kampala kwenda mpakani anajua kwamba Jinja ni mahali pa kupumua. Daraja jipya la Nile, lililofunguliwa Oktoba 2018, limeshavukwa, dereva anataka chai na utingo anatafuta rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai. Hapo ndipo nilipoukuta ubishi huu, saa mbili usiku, kwenye meza ya mbao yenye watu saba na maoni tisa: kati ya wote waliopata kupigana, wa ngumi, wa mateke na wale wa vizimbani wa UFC, mpigaji hodari kuliko wote ni nani?

Mzee mmoja mwenyeji wa Jinja alianza na jina ambalo wengine hawakulitaka mezani. Alimtaja Idi Amin. Kabla ya kuwa rais, Amin alikuwa askari wa King's African Rifles, akakaa kambini hapa Jinja, na anatajwa kuwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika uzito wa juu mwepesi tangu 1951 hadi 1960. Mzee alisisitiza kwamba anazungumzia ulingo, si Ikulu. Kijana wa mitumba akamwambia, "Mzee, kwa heshima zote, huyo mtoe." Mzee akamtoa, shingo upande. Hata tukiyaacha mauaji ya utawala wake, Amin wa ulingoni hakupata kupimwa na mabingwa wa dunia. Ubingwa wa nyumbani ni kama bei ya nyumbani, huijui thamani yake mpaka uvuke mpaka.

Aliyevuka ni John Mugabi, na kwake meza nzima ilikubaliana angalau kwa dakika tano. Mugabi alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akaingia ngumi za kulipwa na kupewa jina la "Mnyama". Alipigana zaidi ya mara 20 na kila aliyesimama mbele yake aliangushwa au kusimamishwa kabla ya kengele ya mwisho. Hakuna hata mmoja aliyewasubiri majaji. Tarehe 10 Machi 1986, Las Vegas, akakutana na Marvin Hagler, bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Walipigana kama watu wanaodaiana. Hagler alizila ngumi ambazo zilikuwa zimewalaza wengine wote, akaendelea kuja, na raundi ya 11 Mugabi akaketi chini akashindwa kuinuka.

Utingo alisema pambano hilo linathibitisha kwamba Mugabi ndiye mpigaji mkubwa, kwa kuwa Hagler mwenyewe alisukwasukwa. Dereva wake akasema linathibitisha kinyume chake. Nilimwelewa zaidi dereva. Baada ya usiku ule Mugabi hakurudi kuwa yule yule. Mwaka 1989 alitwaa mkanda wa WBC wa uzito wa kati mwepesi nchini Ufaransa, katika raundi ya kwanza, baada ya René Jacquot kuumia kifundo cha mguu. Machi 1990 alilazwa na Terry Norris, naye katika raundi ya kwanza.

Mimi, kama ni lazima nichague Mganda, ninamchagua Ayub Kalule, na sikupata hata mtu mmoja wa kuniunga mkono. Kalule hakuwa wa kutisha. Alitumia mkono wa kushoto, alipiga akasogea, akapiga tena. Mwaka 1974 alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa mjini Havana, mashindano hayo yalipofanyika kwa mara ya kwanza kabisa. Akahamia Denmark, na mwaka 1979 akaenda Japan kumvua Masashi Kudo mkanda wa WBA, ugenini, kwa pointi. Aliyemshinda kwa mara ya kwanza katika ngumi za kulipwa ni Sugar Ray Leonard, Juni 1981 mjini Houston, raundi ya tisa. Ukishindwa na Leonard hujaharibu jina. Lakini Jinja wanataka kusikia mtu ameanguka, basi.

Baada ya Iganga barabara hugawanyika. Ya kulia inakwenda Bugiri na Malaba, ya kushoto inapita Tirinyi hadi Mbale. Nilishika ya kushoto, nikidhani nimeuacha ubishi nyuma.

Mbale ubishi uko vilevile, ila umeongezewa mateke na fedha. Mfanyabiashara mmoja wa maharage, ambaye huyakusanya vijijini chini ya Mlima Elgon na kuyapeleka Busia, alinieleza hasara yake akiwa amekaa juu ya magunia. Oktoba 2023, Francis Ngannou wa Cameroon, aliyekuwa bingwa wa UFC na ambaye hakuwa amepigana ngumi za kulipwa hata mara moja, alimwangusha Tyson Fury mjini Riyadh katika raundi ya tatu. Fury aliinuka na akapewa ushindi kwa pointi, majaji wakigawanyika. Kwa mtu wetu wa maharage hukumu ilikuwa wazi: mpiganaji wa kizimbani anapiga kuliko mabondia. Ngannou alipopangiwa Anthony Joshua, Machi 2024, alichukua mtaji wa safari nzima akauweka kwenye mkeka wa kubeti.

Joshua alimaliza kazi katika raundi ya pili.

Safari tatu za Busia hazikufanyika. Watoto walichelewa kulipiwa shule, na mkewe hadi leo akisikia neno "ngumi" redioni anazima. Nilimuuliza kama sasa anamkubali bondia kuliko mtu wa UFC. Hapana, alisema, Ngannou angeruhusiwa mateke na mieleka, Joshua asingefika hata hiyo raundi ya pili.

Hilo ndilo nililotaka kulisikia, ingawa lilimgharimu yeye. Alikuwa amefanya kosa ambalo sokoni hawezi kulifanya. Hakuna mchuuzi anayelinganisha bei ya Mbale na ya Busia ya Kenya kabla ya kuuliza mambo mawili: ni shilingi ya nani, na ni kwa kilo au kwa debe? Kwenye ngumi watu wazima hao hao wanachukua mshindi wa kipimo kimoja na kumpeleka kwenye kipimo kingine bila kubadilisha fedha.

Dunia ilishaonyeshwa hili Juni 1976 mjini Tokyo. Muhammad Ali, miaka miwili tangu ampige George Foreman kule Kinshasa, alipambana na mwanamieleka Antonio Inoki. Inoki alijilaza sakafuni na kuyapiga mateke mapaja ya Ali kwa raundi 15. Ali hakupata mtu wa kumpiga ngumi. Matokeo yakawa sare na miguu ya Ali ikavimba vibaya. Ukiuliza usiku ule nani alikuwa mpigaji bora, jibu linategemea nani aliandika sheria.

Ndiyo maana ninampa nafasi ya kwanza mtu ambaye Mbale hakuna aliyemjua. Anaitwa Samart Payakaroon, wa Thailand. Katika mchezo wao wa ngumi, mateke, magoti na viwiko alikuwa bingwa wa ukumbi wa Lumpinee, Bangkok, katika uzito nne tofauti. Kisha akavaa glavu za ngumi tupu na Januari 1986, miezi miwili kabla ya usiku wa Mugabi, akamwangusha Lupe Pintor wa Mexico na kuchukua mkanda wa dunia wa WBC. Huyu alilipa kwa fedha mbili na zote zikapokelewa. Mwaka uliofuata Jeff Fenech alimpiga Sydney, ndiyo, na fundi pikipiki mmoja alilipata hilo kwenye simu yake haraka kuliko nilivyopenda.

Fundi huyo mwenyewe anamtaka Moses Golola, bingwa wa majigambo wa ngumi na mateke, yule aliyeijaza Kampala maneno mwaka 2011 kabla ya kushindwa na Mhungaria Andras Nagy. Watanzania wana Karim Mandonga na ngumi yake ya "Sugunyo", aliyoipeleka Nairobi Januari 2023 kumpigia Daniel Wanyonyi, kabla ya Wanyonyi kulipiza mwaka huo huo. Hawa ninawapenda. Wanauza tiketi, na kuuza nako ni kazi.

Mtu mmoja aliyekuwa kimya muda wote, Mkenya mwenye lori la vitunguu, ndiye aliyemtaja Robert Wangila. Dhahabu ya Olimpiki, Seoul 1988, fainali dhidi ya Mfaransa Laurent Boudouani ikamalizwa kwa KO raundi ya pili. Julai 1994 Wangila alipigana Las Vegas, akaumia kichwani na kufariki. Hakuna aliyeongeza neno kwa muda.

Kisha mwenye maharage, ambaye ni Mgisu, akasema kwao mwanamume hapimwi kwa alichopiga. Katika mwaka wa imbalu, kila baada ya mmoja, kijana anasimama mbele ya kisu pale Mutoto na watu wanatazama macho yake tu kama yatapepesa. Kwa kipimo hicho, alisema, Hagler ndiye mkubwa, kwa kuwa alipigwa na Mnyama akabaki wima.

Fundi akaitafuta video ya Mugabi na Hagler. Tulisongamana sita kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka. Raundi ya sita Hagler alipoanza kufyatua, kifurushi kikaisha. Mwenye maharage akatoa shilingi 1,000 mfukoni, akaitazama kidogo, akampa mtoto akanunue kingine.