Nesi wa Kamyuniti Koleji: Kweli au Uongo?

Mgeni akitua Marekani kutoka Nairobi au Dar es Salaam, hajafungua hata begi, ameshaambiwa: soma unesi. Ushauri si mbaya. Shida ni maneno yanayouandama.

"Wa miaka miwili ni nusu nesi."

Uongo. Mtihani wa leseni, NCLEX-RN, ni mmoja kwa aliyetoka kamyuniti koleji na kwa mwenye digrii ya miaka minne, na leseni ni ileile. Kichekesho ni kwamba Mildred Montag wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyebuni njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1950 wauguzi walipokuwa haba, alikusudia kupata mafundi wa kumsaidia muuguzi mwenye digrii.

"Miaka miwili, umemaliza."

Uongo, na huu ndio unaovunja watu moyo. Miwili huanza kuhesabiwa siku unapoingia kwenye programu yenyewe. Kabla ya hapo kuna anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, Kiingereza, saikolojia, mara nyingi kemia au takwimu. Kwa anayebeba boksi na kumudu masomo mawili tu kila muhula, hiyo peke yake ni mwaka au zaidi. Kisha mtihani wa kuingilia, kisha foleni. Walimu ni wachache na wodi za mazoezi hugombewa, basi hata wenye sifa huachwa nje; koleji nyingine huchagua kwa bahati nasibu. Ukishapata nafasi, mazoezi ya hospitali huanza alfajiri, na aliyekesha akigeuza wagonjwa kwenye makao ya wazee atafika akiyumba. Mimi nikiulizwa gharama kubwa ya kozi hii ni ipi, hujibu: usingizi, na shifti unazoziacha.

"Ni bei chee."

Kweli kwa mwenye makaratasi. Mwaka 2024–25, College Board iliweka wastani wa ada kuwa dola 4,050 kwa mkazi wa eneo la koleji, dhidi ya dola 11,610 kwa mkazi wa jimbo katika chuo kikuu cha umma. Mwenye grini kadi na kipato kidogo aweza kupata ruzuku ya Pell, hadi dola 7,395 mwaka huo, wala hairudishwi. Wa viza ya mwanafunzi haipati kabisa, na hutozwa ada ya wageni, mara kadhaa ya ile ya wenyeji.

"Bila digrii hakuna hospitali itakayokuchukua."

Inategemea mji. Hospitali kubwa nyingi hupendelea digrii, na New York, kwa sheria ya 2017, huwapa wauguzi wapya miaka 10 waipate. Makao ya wazee na vituo vya kusafisha damu huajiri bila hiyo. Digrii unaimalizia mtandaoni, pengine kwa pesa za mwajiri. Mshahara wa kati wa wauguzi wote wenye leseni ulikuwa dola 93,600 kwa mwaka, Mei 2024. Wote, wakongwe wakiwemo. Usiupigie hesabu ya mwezi wa kwanza.

"Kuna shule Florida inamaliza upesi."

Januari 2023 serikali kuu ilitangaza kukamata mtandao uliouza vyeti bandia zaidi ya 7,600 vya shule tatu binafsi za huko. Wapo wanunuzi waliofaulu NCLEX na kuajiriwa. Bodi za majimbo ziliwafuata hukohuko kazini.