Si kila ukucha ulioharibika una fangasi

Ukucha wa dole gumba la mguu unapogeuka kuwa wa manjano, ukanenepa na kuanza kumeguka, wengi hukimbilia duka la dawa na kurudi na dawa ya fangasi. Wataalamu wa ngozi wanaonya kwamba huenda dawa hiyo haina kazi yoyote, kwani ni takriban nusu tu ya kucha zenye hitilafu ambazo kwa hakika zina fangasi.

Zilizobaki huharibiwa na mambo mengine, kama vile ugonjwa wa soriasisi au viatu vinavyobana. Dalili zake hufanana mno, hata daktari mzoefu aweza kukosea akitazama kwa macho tu.

Kosa hilo lina gharama. Vidonge vya terbinafine humezwa kila siku kwa muda wa wiki 12 hivi kwa kucha za miguu, na kwa watu wachache huweza kudhuru ini. Tena ukucha wa dole gumba la mguu huchukua mwaka au zaidi kuota upya, hivyo mgonjwa husubiri muda mrefu kabla ya kugundua kuwa alitibiwa maradhi asiyokuwa nayo.

Uhakika hupatikana maabara. Mhudumu hukata kipande cha ukucha, kisha hukwangua ungaunga ulio chini yake, karibu na sehemu iliyo nzima, maana huko ndiko fangasi walio hai hupatikana. Ncha peke yake haitoshi. Ungaunga huo hulainishwa kwa potasiamu haidroksaidi na kutazamwa kwa hadubini. Sehemu nyingine huoteshwa kwa wiki kadhaa ili kujua aina ya fangasi. Aliyekwisha kutumia dawa sharti aseme, kwani kipimo chaweza kuonyesha hakuna kitu ilhali fangasi wamo.

Rangi nyeusi ni suala jingine. Kwa watu weusi, mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida. Lakini mstari mmoja unaozidi kupanuka, au weusi unaoenea hadi kwenye ngozi, waweza kuwa saratani ya melanoma. Ndiyo iliyogunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa mguu wa mwanamuziki Bob Marley, baada ya kudhaniwa kuwa ni jeraha la mpira. Alifariki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Weusi wa namna hiyo haupimwi kwa kukwangua. Daktari hukata kipande kidogo cha nyama iliyo chini ya ukucha.