Mikataba ya Ulaya: Ni lini raia wapaswa kuulizwa?

KILA mara Muungano wa Ulaya (EU) unapotaka kubadilisha mikataba inayouongoza, swali moja huzuka: je, yatosha wabunge kuidhinisha mabadiliko hayo, au ni sharti raia wapige kura ya maamuzi?

Mwaka 2005 swali hilo liliutikisa muungano mzima. Oktoba 2004, viongozi wake walikuwa wametia saini jijini Rome mkataba wa kuupa katiba. Mei 29, 2005, Wafaransa waliukataa kwa takriban asilimia 55 ya kura. Siku tatu baadaye Waholanzi nao wakaukataa kwa zaidi ya asilimia 61. Kwa kuwa mkataba wa aina hiyo hauwezi kutumika hadi kila nchi mwanachama iuidhinishe, katiba hiyo ikafa ingali changa.

Hata hivyo, mengi yaliyokuwamo yalirejea katika Mkataba wa Lisbon uliotiwa saini Desemba 13, 2007. Jina la katiba liliondolewa, pamoja na vifungu kuhusu bendera na wimbo wa muungano. Lakini wadhifa wa rais wa kudumu wa Baraza la Ulaya ulibaki, na masuala mengi zaidi yakawa ya kuamuliwa kwa wingi wa kura badala ya kauli moja. Safari hii Ufaransa na Uholanzi ziliuidhinisha bungeni. Nchini Uingereza, serikali ya Labour, ambayo ilikuwa imeahidi kura ya maamuzi kuhusu katiba, ilikataa kuiitisha ikisema huu ulikuwa mkataba tofauti.

Ni Ireland pekee iliyowauliza raia wake, tena kwa kulazimika. Mwaka 1987, katika kesi ya Raymond Crotty, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa serikali haiwezi kujifunga kwa mkataba unaobana uhuru wa taifa katika sera za kigeni bila katiba kurekebishwa. Nayo katiba ya Ireland hairekebishwi bila kura ya wananchi.

Juni 12, 2008, asilimia 53.4 ya wapigakura walisema la. Ndipo viongozi wa EU wakatoa hakikisho kuhusu kodi, msimamo wa Ireland wa kutoegemea upande wowote kijeshi, na kila nchi kubaki na kamishna wake. Oktoba 2, 2009, asilimia 67 wakakubali, na Desemba 1 mwaka huo mkataba ukaanza kutumika.

Wanaopinga kura ya maamuzi husema mikataba hii ni migumu, na kwamba wapigakura huitumia fursa hiyo kuiadhibu serikali yao. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hakikisho walizopata raia wa Ireland zilitokana na kura yao ya kukataa.

Kipimo basi kisiwe jina la mkataba wala idadi ya kurasa zake. Ikiwa mabadiliko ni ya taratibu za kazi tu, bunge latosha. Ikiwa mamlaka yanahama kutoka taifa kwenda Brussels, mwenyewe aulizwe, kwani mbunge amekabidhiwa mamlaka hayo ayatunze, si ayagawe.

Novemba 2023, Bunge la Ulaya lilipendekeza mikataba ibadilishwe tena, ili kupunguza masuala ambayo nchi moja yaweza kuyazuia kwa kura ya turufu. Hayo bila shaka ni mamlaka. Wahenga walinena: kuuliza si ujinga.