Gharama za Dalali Katika Deni la Kodi: Haki ya Mdaiwa Kuhoji

Deni la kodi na gharama za kulikusanya ni vitu viwili tofauti. Deni unadaiwa na Serikali au na halmashauri. Gharama zinadaiwa na mtu aliyetumwa kulikusanya, ambaye kwa kawaida ni dalali. Mwananchi anapoletewa karatasi moja yenye jumla moja chini yake, ni rahisi kudhani kwamba yote ni kodi na kwamba yote hayana mjadala. Sivyo. Mtu anaweza kukiri deni lake lote bila kusita, na papo hapo akakataa nusu ya gharama zilizobandikwa juu yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye nyumba wa Rasbura, katika Manispaa ya Lindi, amelimbikiza pango la ardhi kwa miaka kadhaa hadi likafika shilingi 180,000. Asubuhi moja wanafika watu watatu na gari. Wanapakia runinga, jokofu na pikipiki, kisha wanamwachia karatasi inayodai shilingi 520,000: deni, na shilingi 340,000 za "gharama za dalali". Hakuna mchanganuo. Anaambiwa akilipa kabla ya jioni vitu vitarudi, asipolipa vitauzwa kesho. Katika maelezo yanayofuata tutaonyesha mambo ambayo mwenye nyumba huyu angestahili kuyauliza, na mahali pa kuyapeleka majibu yasipomridhisha.

Kwanza, ni kodi ipi?

Swali hili huonekana dogo, lakini ndilo linaloamua ni mlango gani utaugonga baadaye. Pango la ardhi hutozwa na Wizara yenye dhamana ya ardhi kwa mtu anayemiliki kiwanja, ingawa maofisa wake wapo katika halmashauri na wengi hudhani ni fedha za Manispaa. Kodi ya majengo ni jambo jingine. Tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapandishwa hadi 1,500. Ushuru wa huduma, ada za leseni na tozo za masoko ni za halmashauri yenyewe.

Kwa hiyo mtu akikujia mlangoni akidai kodi ya majengo ya nyumba ambayo mita yake hukatwa kila mwezi, una kila sababu ya kumwomba maelezo ya maandishi kabla ya kufungua pochi. Kumbuka pia kwamba mwenye nyumba aliyefikia umri wa miaka 60, au mwenye ulemavu asiye na kipato, ana msamaha wa kodi ya majengo kwa nyumba moja anayoishi. Gharama za kukusanya kodi isiyodaiwa haziwezi kudaiwa.

Ni nani aliyemtuma?

Dalali hana mamlaka yake mwenyewe juu ya mali ya mtu. Mamlaka yake yote hutoka katika karatasi aliyoibeba. Deni likiwa limepitia mahakamani, au katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama ilivyo kwa mashauri ya ardhi, karatasi hiyo ni hati ya kukamata mali: ina namba ya shauri, jina la mdaiwa, kiasi kinachodaiwa, sahihi na muhuri. Deni likiwa la Mamlaka ya Mapato, sheria ya usimamizi wa kodi inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kutoa amri ya kukamata mali bila kupitia mahakamani. Hata hivyo amri hiyo nayo ni ya maandishi na inapaswa kuonyeshwa.

Barua ya halmashauri inayosema "fulani ni wakala wetu wa ukusanyaji" si hati ya kukamata mali. Inampa wakala ruhusa ya kudai na kupokea ushuru kwa utaratibu uliowekwa, basi. Kuwapo kwa mwenyekiti wa mtaa au mgambo wakati wa ukamataji ni jambo jema kwa ushahidi, lakini hakuzibi pengo la hati isiyokuwepo.

Madalali wa mahakama huteuliwa na kusimamiwa chini ya Kanuni za mwaka 2017 zinazohusu uteuzi, malipo na nidhamu yao pamoja na wasambaza nyaraka. Kanuni hizo zinawataka wawe wamepata mafunzo katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na zimeweka jedwali la ada wanazostahili. Kwa maneno mengine, dalali wa mahakama hapangi bei yake kama mwenye bodaboda anayesubiri abiria usiku wa mvua. Muulize jina lake, kitambulisho chake, na mahakama iliyomtuma. Yaandike. Piga picha ya hati ukiweza. Aliye halali hana cha kuficha.

Saa ya kuingia na vitu visivyoguswa

Sheria ya Mwenendo wa Madai inakataza anayetekeleza hati kuingia katika nyumba ya kuishi baada ya jua kutua na kabla halijachomoza. Hairuhusu pia kuvunjwa kwa mlango wa nje wa nyumba ya kuishi, isipokuwa nyumba hiyo inakaliwa na mdaiwa mwenyewe naye amekataa kufungua. Tunasisitiza maneno hayo ya mwisho: kujifungia ndani si kinga, na kunaweza kukuongezea hasara.

Sheria hiyohiyo imetaja vitu ambavyo havikamatwi katika kukaza hukumu. Humo mna nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake. Vifaa vya kazi vya fundi. Na kwa mkulima, zana zake za kilimo pamoja na mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona anazihitaji apate riziki. Nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mke na watoto wanaomtegemea imo pia katika orodha ya kinga, ingawa aliyeiweka rehani mwenyewe yuko katika hali tofauti. Fundi cherehani wa Mikumbi aliyechukuliwa cherehani yake ana hoja iliyo wazi. Mvuvi aliyechukuliwa nyavu awahi kwa hakimu na kueleza kwamba hizo ndizo kazi yake. Asikae akisubiri siku ya mnada.

Na vitu vya watu wengine? Katika nyumba zetu za pwani, chini ya paa moja hukaa mpangaji, shangazi, mkwe na mtoto aliyerudi kutoka Dar es Salaam na jokofu lake. Hati humhusu mdaiwa peke yake. Mwenye kitu anaweza kufungua maombi ya pingamizi katika mahakama iliyotoa hati, akionyesha risiti, kadi ya pikipiki au ushahidi mwingine wa umiliki. Afanye hivyo kabla kitu hakijauzwa. Kikishapigwa nyundo, njia huwa ndefu zaidi.

Mchanganuo wa gharama

Hapa ndipo penye mzozo, na hapa ndipo watu wengi hunyamaza. Dai kwa maandishi mchanganuo wa kila kifungu: ada ya kukamata, usafiri, utunzaji wa mali, matangazo, na kamisheni ya mnada. Kisha uupime kifungu kwa kifungu.

Kamisheni ya mnada hutokana na mauzo. Ikiwa ulilipa deni kabla mali haijauzwa, uliza kamisheni hiyo imetoka wapi. Usafiri ni wa safari iliyofanyika kweli. Dalali aliyetoka Mtwara siku moja na kukamata mali kwa wadaiwa sita wa Lindi alisafiri mara moja, na kumtoza kila mmoja wao safari nzima ni kulipwa mara sita. Utunzaji huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo tarehe ya kukamatwa na tarehe ya kurudishwa lazima zionekane. Tangazo la gazeti liwe na nakala ya gazeti hilo. Ukiona neno "faini", lipigie mstari: dalali hana uwezo wa kumtoza mtu faini yoyote.

Dalali wa mahakama hupeleka madai yake kwa mahakama iliyomtuma ili yakaguliwe na kuidhinishwa. Kabla ya hapo, tarakimu aliyokuandikia ni ombi lake. Mwenye nyumba wetu wa Rasbura, kwa zile shilingi 340,000, angeweza kusema kwa adabu: "Ndugu, deni la pango nitalilipa leo. Gharama zako nitazilipa mahakama itakapozipitisha."

Katika malipo yenyewe, kodi isipite mkononi mwa dalali. Omba ankara yenye kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo wengi huiita kontrol namba, ulipe benki au kwa simu, na utunze stakabadhi. Ikiwa kwa dharura utalazimika kulipa gharama unazozipinga ili kuokoa mali, andika juu ya stakabadhi na nakala yake: "Nimelipa huku nikipinga kiasi hiki." Sentensi hiyo fupi huzuia mtu kudai baadaye kwamba uliridhika.

Tunatoa tahadhari moja zaidi kuhusu sahihi. Kwa kawaida mali inayohamishika haiuzwi kabla ya siku 15 kupita tangu tangazo la mauzo kubandikwa mahakamani, na isiyohamishika kabla ya siku 30, isipokuwa vitu vinavyoharibika upesi. Hivyo tishio la "kesho tunauza" halina msingi kwa runinga. Lakini mdaiwa mwenyewe anaweza kuzifupisha siku hizo kwa kukubali kwa maandishi. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma ukiambiwa ni "ya kupokelea tu". Na hata siku ya mnada ikifika, ukileta deni na gharama halali kabla nyundo haijapigwa, mauzo hayo yanapaswa kusimamishwa.

Ardhi inapouzwa kwa mnada, Sheria ya Madalali wa Mnada inadai notisi ya wazi ya angalau siku 14, katika mji mkuu wa wilaya na mahali pa mnada. Inataka pia notisi hiyo itolewe kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Tangazo dogo la gazeti ambalo halikufika mtaani kwenu linatia shaka, na ni jambo la kuliandika katika malalamiko.

Pa kuyapeleka malalamiko

Anza pale hati ilipotoka. Ikiwa ni mahakama, mwandikie Hakimu Mfawidhi. Ikiwa ni Baraza, mwandikie Mwenyekiti wake. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo usimlipe mtu akuandikie Kiingereza. Barua yaweza kuwa fupi kama hii:

"Kwa heshima, mimi ni mdaiwa katika shauri namba (taja). Tarehe (taja) dalali (taja jina) alikamata mali zangu zilizoorodheshwa hapa chini. Sipingi deni. Napinga gharama za shilingi (taja) kwa sababu sikupewa mchanganuo, kamisheni imetozwa bila mauzo, na nimetozwa siku za utunzaji zisizolingana na tarehe. Naomba Mahakama iyakague madai hayo, na iamuru mali zisiuzwe hadi uamuzi utolewe. Naambatanisha nakala za hati, karatasi ya madai na stakabadhi."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Mwenendo mbaya wa dalali mwenyewe, kama vile matusi, kuficha mali au kuuza kwa siri, una njia yake: Kanuni za 2017 zimeweka kamati ya uteuzi na nidhamu ndani ya Mahakama, na Msajili wa Mahakama Kuu, ambayo kwa Lindi ni Kanda ya Mtwara, atakuelekeza namna ya kuifikia.

Kwa madai ya Mamlaka ya Mapato, pingamizi dhidi ya uamuzi wa kodi huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu kupokea uamuzi huo. Malalamiko juu ya huduma na utaratibu yanaweza kupelekwa bila malipo katika Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi. Aliyeombwa "kitu kidogo" ili vitu virudishwe apige simu TAKUKURU, namba 113, bila gharama. Asiyemudu wakili aulize ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii kuhusu wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wazee wa mwambao huu wanaikumbuka kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003, na jinsi wanaume walivyokimbilia mikokoni wakisikia wakusanyaji wamefika. Leo kukimbia kuna ghali zaidi, kwa sababu hati hutekelezwa mwenyewe asipokuwepo na hakuna anayehesabu vitu vinavyobebwa. Kaa, au mwachie mtu mzima nyumbani. Orodhesha kila kilichotoka, pamoja na hali yake: runinga ya inchi ngapi, pikipiki ya namba gani, jokofu linafanya kazi au la. Wote waliopo watie sahihi.

Vitu vikirudishwa, vikague mbele ya aliyevileta kabla ya kutia sahihi ya kupokea. Vikiwa vimeuzwa, dai hesabu ya mauzo: kimepatikana kiasi gani, kodi imechukua kiasi gani, gharama zilizoidhinishwa ni zipi. Kinachobaki ni fedha yako, hata kama ni shilingi elfu mbili, na dalali anatakiwa kuiwasilisha.